Mmeshavuka?

Saa 2 usiku shangazi alinipigia simu kutoka Muleba. Baba mkubwa ametutoka, anazikwa kesho saa 8 mchana. "Jitahidi ufike, mwanangu," akasema, kisha akanyamaza. Nilijua alichonyamazia.

Bibi alipofariki mwaka 2021 nilipiga hesabu ya kilomita tupu. Kutoka Mwanza mpaka Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, na Muleba unaifikia kabla, basi nikaona nikitoka saa 2 asubuhi nitawahi. Nikasahau kwamba katikati kuna ziwa. Pale Kigongo tulikuta malori yamejipanga mpaka huwezi kuona mwisho wake. Abiria tukashuka, kama ilivyokuwa kawaida, tukasubiri zamu ya basi letu kupanda kivuko. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa. Kusubiri ndiko kulikotumaliza. Nilikula sato wawili wa kukaanga pale ng'amboni, na hilo ndilo jema pekee ninalolikumbuka siku ile. Nilipofika nyumbani kaburi lilishafukiwa. Niliokota bonge la udongo nikaliweka juu ya tuta, maana sikujua nifanye nini kingine.

Safari hii nikafikiria kwanza meli. Ukikata moja kwa moja juu ya maji, Mwanza na Bukoba haziachani hata kilomita 200. MV Victoria inaondoka usiku, unaamkia bandari ya Kemondo, na kutoka hapo Muleba si mbali. Ila usiku ule haikuwa zamu yake. Ndege? Tiketi ya kukata usiku kwa safari ya asubuhi, kwa mshahara wangu, tuiache.

Saa 11 alfajiri nilikuwa stendi ya Nyegezi. Nikamuuliza konda tutafika Muleba saa ngapi.

"Saa 6 na nusu, kaka. Siku hizi maji hayatuchelewe­shi."

Tukaondoka saa 12 kamili. Daraja la JP Magufuli, lililochukua nafasi ya kile kivuko, lilifunguliwa Juni 2025, lakini nilikuwa sijalipita. Tulipoingia upande wa Kigongo nikatazama saa. Kilomita 3 za daraja, dakika 4 hazijaisha, tuko Busisi, ng'ambo ya pili. Mama niliyekaa naye alikuwa ameinama chini ya kiti anatafuta viatu vyake, akijua tutashuka. Alipoinuka akaona migomba. Akacheka peke yake mpaka Sengerema. Mimi nilikuwa nawatafuta kwa macho wale kina mama wa samaki, lakini tulishapita.

Saa 2 na robo simu ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmeshavuka?"

"Tuko Geita, shangazi."

Kimya. "Geita ipi?"

Mbele ya Katoro tairi likapata pancha, dakika 40 nzima, na roho ikaanza kunidunda upya. Konda alikuwa anafungua nati huku anapiga soga. Nilitamani nimnyang'anye spana. Lakini safari hii muda wa kupoteza nilikuwa nao.

Muleba nikashuka saa 7 na dakika 10, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Vijana walikuwa bado wanasawazisha shimo. Nikavua koti, nikampa shangazi alishike, nikaomba chepe.