Gego la miaka 6: namna nilivyoyaelewa meno

Nilipoanguka mtihani wa kozi ya meno, mwaka wangu wa pili wa masomo ya afya hapa Bukavu, haikuwa kwa uvivu. Nilikuwa nimekariri karatasi zote kwa Kifaransa, usiku, kwa taa ya simu: meno 32, ya mbele 8, chonge 4, magego madogo 8, makubwa 12. Mwalimu akaniwekea jino kavu kiganjani, akauliza: «Namba ngapi?» Nikaligeuza, nikaligeuza tena. Nilijua ni gego. Zaidi ya hapo, kimya.

Sesheni ya pili, ya kurudia mtihani, ilibaki wiki 5. Nikaziweka karatasi pembeni, nikashuka soko la Kadutu kutafuta taya la nguruwe. La mbuzi halingenifaa, kwa sababu mbuzi hana meno ya mbele juu. Nguruwe anayo ya aina zote, kama sisi. Mama muuzaji akaniangalia: «Ya kufanya nini, mtoto wangu?» Nilipomwambia ni ya masomo, akanipunguzia bei.

Nililichemsha karibu mchana mzima. Nyama ilipoachia, nikashika jino moja kwa vidole, likacheza. Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakiimba tu: jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini pande zote, na katika kinywa kilicho hai nyuzi hizo hunesa kidogo tunapotafuna. Moto ulikuwa umezilainisha. Jirani yetu fundi wa kuchomelea akanipasulia gego kwa msumeno wa chuma. Juu, kwenye enameli, ganda gumu la nje, meno ya msumeno yaliteleza, yakakwaruza, yakateleza tena. Yalipofika kwenye dentini, ile tabaka ya ndani ya manjano kidogo, yakaingia bila shida. Katikati palikuwa na uwazi mwembamba unaoshuka hadi kwenye mizizi, njia ya mishipa ya damu na ya fahamu. Enameli ni madini kwa asilimia 96 hivi, na haina chembe hai hata moja, kwa hiyo ikishatoboka mwili hauna wa kumtuma kuijenga upya. Kila nikimwona mtoto anayelala na pipi mdomoni nakumbuka ule msumeno, maana bakteria wakila sukari hutoa asidi, na enameli huanza kuyeyuka pH, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi.

Lakini namba zilikuwa bado zinanisumbua. Kinywa hugawanywa robo nne: 1 ni juu kulia kwa mgonjwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Halafu unahesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Kwa meno ya utoto, robo hizohizo huitwa 5, 6, 7 na 8. Nilikuwa nazichanganya zote.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 6 na nusu. Asubuhi moja nikamkalisha barazani penye mwanga, nikasukuma shavu lake kwa mpini wa kijiko. Chini kulia: meno matano ya utoto. Nyuma ya la tano, ufizi umepasuka, na kilele cheupe kimechungulia. Nikamwita mama. Akasema: «Ile ni jino ya butoto, itatoka tu.»

Hapana. Hilo ndilo 46, yaani robo ya 4, jino la 6, gego kubwa la kwanza, nalo halisubiri jino lolote ling'oke. Pale pale hesabu ikanikaa. Utotoni kila robo ina meno 5, jumla 20, na yote hurithiwa na namba 1 hadi 5. Magego ya utoto huachia nafasi kwa magego madogo. Namba 6, 7 na 8 huota nyuma, mahali ambapo hapakuwa na kitu: 3 mara robo 4 ni 12, na 20 ukiongeza 12 unapata 32. Namba 6 huja karibu na umri wa miaka 6. Sijaisahau tena.

Siku ya sesheni ya pili nililiinua jino lile kwenye dirisha. Mizizi miwili: gego la chini. Vilele vitano, vitatu upande wa shavu, viwili upande wa ulimi, na kile kidogo zaidi upande wa shavu kinaelekea nyuma. Nikaliweka kwenye taya la mawazo yangu, nikasema 46. Mwalimu akaandika, akamwita wa nyuma yangu.

Nyumbani mama sasa ndiye anayemsimamia mdogo wangu kila jioni. Gego linaloota hukaa chini kuliko mengine, mswaki ukipita kawaida unaliruka. Nilimwonyesha namna ya kuuingiza mswaki kwa kukingama, kutokea shavuni, hadi nywele zake ziguse kile kilele. Anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, ine, tano, na ile ya nyuma.