Sijui ya baba mdogo

Juzi umeme ulikatika hapa Mwanga, Kigoma mjini, tukatoa mkeka nje kama kawaida, mtoto wa dada yangu akaniuliza eti "anko, chini kabisa ya ziwa kuna nini?" Hata hajamaliza nishashika simu, nikamwambia kina ni mita kama 1,470, Tanganyika ni la pili duniani likitanguliwa na Baikal la kule Urusi. Akaniangalia. "Sijauliza linaishia wapi, nimeuliza kuna nini."

Nikakosa la kusema. Ana miaka saba huyo.

Nikakumbuka usiku mmoja zamani, nimemaliza form four nasubiri matokeo, baba mdogo akanichukua ziwani, tukatokea Kibirizi. Ilikuwa giza totoro, maana mwezi ukiwaka taa hazivuti kitu na wavuvi wanalala majumbani. Enzi hizo bado karabai, zinanguruma fwoooo usiku kucha mpaka masikio yanazoea, ukigeuza kichwa unaona taa za wenzenu zimetapakaa mpaka upande wa Kongo, utadhani kuna mji. Dagaa wanapanda usiku kufuata vidudu vidogo wanavyokula, afu mwanga unawakusanya, hilo nilishafundishwa shule kwa hiyo nilikuwa namuelezea baba mdogo kazi yake mwenyewe (ujana jamani). Yeye anaitikia tu "ehee".

Mara nikaona chini ya taa vitu kama vifuniko vya soda, vyeupe, unaona mpaka upande wa pili, vinajifumba na kujifumbua taratibu. Vingi hatari. Nikachota kimoja kwenye kopo, mkononi kikawa kama ute tu. Nikamuuliza baba mdogo hiki nini.

"Sijui. Nimevikuta." Akaendelea kuvuta wavu.

Hiyo sijui yake nimeibeba mpaka leo. Haikuwa na aibu wala uvivu, alisema kama mtu anavyokwambia samaki wapo au hawapo.

Baadaye nikasoma kumbe ni yavuyavu, jamaa zake wale wa baharini, ila huyu ni wa maji baridi. Mjerumani mmoja, Böhm, aliwaona hapa 1883, Wazungu wakachanganyikiwa, yavuyavu anafanya nini katikati ya Afrika? Mwaka 1896 akaja Mwingereza anaitwa Moore kuchunguza, akarudi na nadharia kwamba ziwa letu lilikuwa bahari ya kale. Nadharia tamu kweli, ila haikuwa kweli. Ziwa limetokana na ardhi kupasuka, bonde la ufa, mamilioni ya miaka huko. Jamaa alikuwa na swali zuri akalikimbizia jibu.

Na kuna hili ambalo mimi lilinikosesha usingizi kuliko hadithi za majini na mapepo: ukishuka mita mia na kitu, mia mbili hivi, oksijeni inaisha. Yaani sehemu kubwa ya lile ziwa haina samaki hata mmoja, dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye ngozi ya juu tu, chini yao ni giza la zaidi ya kilomita nzima. Nilipolijua hilo sikuona ziwa limepungua, nilianza kuliogopa vizuri.

Nimekuwa nawaza pia maneno yetu. Fumbo lina aliyelifumba, na yeye jibu analo. Siri ina mwenyewe. Kitendawili ukishindwa unatoa mji unapewa jibu. Yote yanadhani kuna mtu mahali fulani anajua, ni suala la kumpata tu. Na hapo ndipo tunapoumizana, maana huku kwetu Kigoma tunawajua kamchape, wale wasaka wachawi. Kijiji kina misiba mfululizo, watu wameshindwa kukaa na swali, wanaitwa jamaa wanaojua, na hao hawajawahi kusema sijui hata siku moja, wanaingia wanaonyesha nyumba. Watu wamechomewa makazi, hasa wazee. Watu wa mjini tunasema ni ushamba, kupenda miujiza. Mi naona kinyume, hapo hakuna aliyevumilia muujiza hata dakika tano, walitaka jibu na walitaka leo.

Na mimi na simu yangu sina cha kujisifu. Jirani alifiwa na mtoto kwa malaria, nikakaa pale msibani namuelezea mama mtu habari za mbu na vimelea na kuchelewa hospitali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Walilala watatu chandarua kimoja." Nikanyamaza, na nadhani ndo kitu pekee cha maana nilichofanya siku ile.

Haya, turudi kwenye mkeka. Nikampigia baba mdogo, saivi kaacha ziwa, miguu inamsumbua. Nikampa mtoto simu, akauliza swali lake lile lile. Kimya kidogo, afu nikamsikia mzee, "Sijui, mjukuu wangu. Mi nimeishia juu juu. We unadhani kuna nini?"

Salio likakata mtoto akiwa katikati ya maelezo kuhusu ng'ombe wasiokuwa na macho.