Siku Falstaff alipoongea Kiswahili London

Mwaka 2012 mama alikuja kunitembelea London, mara yake ya kwanza, akakuta Aprili ya mvua tupu, yaani siku nzima tunatazamana ndani na hita imewashwa. Ndo nikasikia kwamba pale Globe, jumba la maonesho kando ya mto Thames, kuna tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na moja ni Kiswahili, Wanawake wa Heri wa Winsa, imeletwa na kundi la Nairobi, na Falstaff, yule mzee mlaghai wa mchezo huo, anachezwa na Mrisho Mpoto, msanii wa mashairi wa Tanzania. Mpoto huyuhuyu wa kwetu! Nikakata tiketi mbili za kusimama, pauni 5 kila moja, nikajiona mjanja.

Kufika tu mama anatafuta kiti. "Mwanangu, umetoa hela tuje kusimama?" Nikamwambia ndo utaratibu wa enzi za Shakespeare, walalahoi walilipa peni moja wanasimama uwanjani, wenye nazo wanakaa kule juu kwenye roshani. Akaniangalia tu. Hapo juu yetu ni wazi kabisa, manyunyu yanatushukia, na mwavuli hauruhusiwi kwa sababu unawaziba wa nyuma. Akanyanyua macho akaona paa la matete limezunguka pembeni, akasema, "Hata kwa bibi yako tulishaweka bati."

Basi nikamhadithia kwamba hili jengo ni la 1997, lile la kwanza la 1599 liliungua 1613 kwa ajili ya paa kama hilohilo, walipiga mzinga katikati ya mchezo, cheche zikadaka nyasi, nyumba nzima ikateketea, na jamaa mmoja suruali ikashika moto wakaizima kwa bia. Hapo ndo akacheka, mara ya kwanza tangu tushuke kwenye basi.

Mimi mwenyewe Shakespeare nilimjulia shule, Mabepari wa Venisi aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, tunasoma kwa zamu kila mtu na mistari yake, ukijikwaa unafokewa, kwa hiyo kichwani mwangu alikuwa mtu wa mtihani. Sikujua anachekesha. Sasa Falstaff akaanza kuwatongoza wake za watu wawili kwa barua ileile moja, kabadilisha majina tu, na mama pembeni yangu kwa sauti: "Muongo huyo!"

Nikataka kumnyamazisha, nikaona aibu kabisa, halafu nikakumbuka pale hakuna kuzima taa, hukai gizani kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mchezaji anakuona sura yako, anakuuliza, unamjibu, na zamani ndo walicheza hivo, mchana kweupe. Leo nikienda kwenye mchezo wa kisasa nikakuta mchezaji kashuka jukwaani kaja kuongea na watu, wanasema ubunifu, mimi nacheka kimoyomoyo, maana hiyo ilikuwepo kabla ya mapazia na taa za umeme, na ukisema paukwa kwetu hakuna anayekaa kimya.

Kitu ambacho sijakisahau ni vile vibao vya pembeni. Vilikuwa vinaandika kwa Kiingereza muhtasari wa onesho tu, mstari kwa mstari hakuna. Kwa hiyo kila utani sisi tunacheka kwanza, Wakenya, Watanzania, wale wadada wa Mombasa waliokuwa mbele yetu, halafu Waingereza wanatugeukia, wanaangalia kibao, wanacheka wakiwa wamechelewa. Miaka yote London mimi ndo nilikuwa wa kucheka nimechelewa, kazini, kwenye basi, kila mahali.

Ilipofika habari ya Falstaff kufichwa kwenye tenga la nguo chafu mpaka akamwagwe mtoni, mzee mmoja wa Kizungu, kalowa chapachapa, akaniinamia akaniomba nimuulize mama huyo Falstaff amesema nini. Nikamuuliza. Mama hata hakugeuka.

"Mwambie asubiri, nasikiliza."