Tundu moja, asubuhi nzima

Nimetoka kutoboa chuma sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Naweka breki kubwa za mbele, diski na kalipa zake, yaani vibanio vinavyobana diski. Breketi za kushikia kalipa nimezikata mwenyewe kwenye bamba la chuma kigumu. Kilichobaki ni matundu 4 ya bolti za milimita 12.

Biti ya kwanza ya drili ililia tu. Moshi ukatoka, ncha ikageuka buluu, na pale ilipogusa pakang'aa kama kioo.

Hapo nikaelewa. Drili inakwenda kasi mno, biti inasugua badala ya kukata, na kila ikisugua chuma kinazidi kuwa kigumu.

Nikakaa chini kwanza.

Kisha nikafunga biti ya kobalti, ile inayovumilia joto, ya milimita 5, nikashusha mwendo hadi chini kabisa, nikadondosha mafuta ya kukatia, nikaegemea drili kwa uzito wa mwili wote bila kulegeza.

Kelele ikakatika. Uzi wa chuma ukaanza kupanda kwenye mfereji wa biti, umejikunja kama springi, unafuka taratibu. Ukaendelea kuja, mmoja, haukatiki! Ninao hapa mezani, una urefu wa kiganja changu, na sijui kwa nini nashindwa kuutupa.

Nikapanua kwa 8, kisha 12. Tundu limenyooka.

Bado 3, na kingo zote za kusawazisha kwa tupa, maana bolti ya breki lazima ilale sawasawa.

Nyie mliowahi kutoboa chuma kama hiki: mnaanza na biti ya milimita ngapi?