Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Spika wa Mwanjelwa

Saa 12:15 asubuhi

Julai hapa Mbeya maji ya bomba yanauma vidole. Kabla sijamaliza kunawa, simu inaita: Mwalimu wa Uyole.

"Fundi, leo hunikwepi."

"Shikamoo Mwalimu. Sikukwepi, saa nne niko kwako."

"Marahaba. Spika nimeshazitoa kwenye maboksi. Zimekaa sebuleni kama wageni wasiojua waanze na nani kusalimia."

Mwalimu alifundisha fizikia mpaka alipostaafu. Sehemu ya kiinua mgongo imeingia kwenye jozi ya spika ndefu za kusimama chini na amplifaya mpya. Mkewe hajasema neno juu ya manunuzi hayo, na wanaomfahamu Mama wanasema hapo ndipo pa kuogopa.

Natupia mkobani futi, mita ya kupimia umeme, plaizi, bisibisi, betri moja ya tochi na bunda la waya. Chai nitakunywa kibandani.

Saa 2:00

Kibanda changu kiko jirani na soko la Mwanjelwa. Dogo ameshafungua na kufagia. Mezani kuna wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 8 tuliyoibadilishia ukingo jana jioni. Ule ukingo wa sponji unaozunguka koni huoza wenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hata spika ikae kabatini bila kupigwa. Ukiugusa unabaki na unga mweusi kidoleni. Watu wengi hapo hutupa spika nzima, ilhali koni na sumaku vingali vizima. Mimi nakwangua masalia yote, nasafisha fremu, kisha nabandika ukingo wa raba.

Tatizo haliko kwenye kubandika, liko kwenye kuweka koili, ule mzingo wa waya unaoisukuma koni, katikati ya sumaku, maana nafasi iliyopo ni ndogo sana. Gundi ikiwa bado mbichi, naipitishia wufa sauti nzito ya hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, taratibu, koni icheze na ijipangie mahali pake. Asubuhi hii nimemwachia Dogo aikague. Ameweka vidole pande zote za koni, anaisukuma chini polepole, sikio karibu kabisa.

"Inakwaruza?"

"Kimya, bosi."

"Geuza nyuzi tisini, rudia."

Amerudia. Kimya. Mwenyewe akija leo, achukue mzigo wake.

Saa 3:00

Anaingia kijana na sabufa yake, twita, zile spika ndogo za sauti kali, zimekufa zote mbili. Anataka niweke kubwa zaidi, kwa sababu anaamini zilizokuwepo "hazikuhimili mziki". Namuuliza huwa anafungua sauti mpaka wapi. Mpaka mwisho, anasema, na besi nayo mpaka mwisho.

Boksi limeandikwa wati 12,000. Nageuza sabufa nyuma, namwonyesha kile kibati kidogo ambacho hakuna anayekisoma: volti 230, hezi 50, wati 60. Kinachovutwa ukutani ni wati 60. Hakiwezi kutoka kingi kuliko kilichoingia, na sehemu nyingine inaishia kuwa joto. Ile namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia tu. Wenye viwanda huiita PMPO, na hakuna kanuni moja inayowabana namna ya kuipata.

Wengi hudhani amplifaya kubwa ndiyo inayoua spika. Mara nyingi ni ndogo iliyokamuliwa. Ikifika kikomo chake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa hivyo hubeba sauti kali nyingi kuliko wimbo wenyewe ulivyokuwa. Mzigo wote huo unaangukia twita, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba sana. Ukiweka twita kubwa bila kugusa tabia ya kidole chako, nayo itakwenda njia ileile.

Ameuliza basi akinunua yenye wati mara mbili atapata kelele mara mbili. Hapana. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli: wati ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 za ziada, unasikia imepanda kidogo tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Uso wake umeshuka. Nimempa bei ya twita za saizi ileile, akaacha kianzio.

Saa 4:10

Daladala ya Uyole. Malori ya Tunduma yamejaa barabarani, tumekwenda mwendo wa kinyonga. Dogo amepakata mkoba, amesinzia.

Saa 4:40

Sebule ya Mwalimu ni mita 5 kwa 4. Sakafu ni vigae vitupu, dari ni jipsamu, upande mmoja una dirisha kubwa la vioo na pazia jepesi. Kabla ya kugusa chochote nimepiga kofi moja katikati ya chumba. Ukutani kofi limejibu kwa mlio wa haraka haraka. Namwambia Mwalimu kwamba hata angenunua spika za milioni ngapi, sebule hii ingeziongezea maneno yake.

Spika moja ya zamani iko juu ya kabati la vyombo, karibu na dari. Mwenzake iko chini nyuma ya mlango, inatazama mguu wa kochi. Waya zimepita chini ya zulia dogo la mlangoni. Usicheke, nyumba nyingi ninazoingia ziko hivi. Spika hukaa mahali palipobaki baada ya kochi, kabati, runinga na meza ya kahawa kupata nafasi zao, halafu mwenye nyumba anakuja dukani kulalamika kwamba muziki hauna uhai na anataka kikubwa zaidi.

Nimeomba radhi kwa Mama, tukasogeza kochi refu mbele kidogo lisigusane na ukuta. Nikapima kwa futi: spika hadi spika mita 2.2, kila spika hadi kochi la Mwalimu mita 2.2. Pembetatu yenye pande sawa. Twita ziwe usawa wa sikio la mtu aliyeketi, na kila spika igeuzwe ndani kidogo imwelekee msikilizaji. Kutoka ukuta wa nyuma nimeacha sentimita 50, kwa kuwa spika ikibanwa ukutani besi inavimba, na kwenye kona inavimba zaidi.

"Kwa hiyo zitakaa katikati ya njia," Mama amesema. Ni neno lake la kwanza leo.

"Shikamoo Mama. Si katikati kabisa."

"Marahaba. Mtoto akipita na chai je?"

Tumejadiliana. Sentimita 50 zimekuwa 40.

Saa 5:20

Waya. Mwalimu alinunua bunda mjini, limeandikwa shaba. Nimekwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ni mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Hautakuua, ila ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme kupita, ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na kwenye skrubu hulegea upesi. Nimeuweka kando, nikatoa wangu wa milimita za mraba 2.5. Spika ya mbali iko mita 6, kwenda na kurudi mita 12. Uliokuwepo zamani ulikuwa wa nusu milimita ya mraba. Kwa urefu huo unaweka ukinzani wa karibu ohm 0.4 kabla sauti haijafika kwenye spika. Huu wa sasa ni chini ya 0.1. Kwa habari ya waya za bei ya ng'ombe zinazosifiwa kwamba "zinafungua sauti", mimi sijawahi kumshauri mtu azinunue. Shaba nene, viungo vilivyokazwa, basi.

Mwalimu alitaka spika nne zipigwe pamoja, mpya na za zamani. Nyuma ya amplifaya imeandikwa wazi: jozi moja, ohm 4 hadi 16, jozi mbili kwa pamoja, kila spika isipungue 8. Mpya zake ni ohm 8, za zamani ni 4. Kabla sijafungua mdomo, ameshachukua bahasha na kalamu.

"Sambamba. Nane mara nne, thelathini na mbili. Gawa kwa kumi na mbili." Akanyamaza. "Mbili nukta sita saba. Itaungua."

"Itaanza kwa kujizima, Mwalimu. Kisha itaungua."

Za zamani zimekwenda chumba cha wajukuu, na redio yao ya zamani. Huko zimepokelewa kwa vifijo.

Jambo ambalo sikubali kuliruka ni betri. Waya wa zamani ulikuwa haujawekwa alama, na aliyeufunga aliunganisha spika moja chanya kwa chanya na nyingine chanya kwa hasi. Koni moja ikisukuma, nyingine inavuta. Besi inafutana hewani na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Nimefungua vitambaa vya mbele, nikagusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za waya kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, chanya iko mahali pake. Dogo anatazama, mimi nagusa. Kushoto: nje. Kulia: nje. Sawa.

Saa 6:15

Kazi ya kuitafutia mahali sabufa, boksi la besi, ndiyo huwafurahisha watoto. Tumeipandisha juu ya kochi la Mwalimu, pale pale anapoketi, ikapigwa besi nzito isiyokoma. Kisha Dogo akapiga magoti, akaanza kutambaa sakafuni kando ya kuta, kichwa chini, akisikiliza. Mahali besi inaposikika imenyooka, bila kuvimba wala kupotea, hapo ndipo sabufa itakapowekwa. Wajukuu wawili wakaona ni mchezo, wakamfuata nyuma kwa magoti.

Mwalimu hakucheka, alikuwa anapiga hesabu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. "Humu ndani ni nyuzi 15, weka 340," akasema. Chumba cha mita 5 kinabeba nusu ya wimbi la hezi 34, ndiyo maana kuna sehemu besi inajaa na sehemu nyingine unaikosa kabisa, na kununua sabufa kubwa hakuondoi hilo. Dogo akasimama karibu na mlango wa jikoni: "Hapa, bosi."

"Hapo ndipo ufagio unapopita," akasema Mama.

Nusu mita kushoto. Dogo akasikiliza tena, akainua dole gumba.

Saa 7:30

Wali wa Kyela, maharage, parachichi. Katikati ya chakula umeme umekatika. Nimeacha sahani, nikachomoa plagi zote, kwani unaporudi hurudi na mshtuko wake. Mwalimu ana friji gadi, kifaa cha kukinga mshtuko huo, jikoni. Nimemwambia anunue nyingine kwa ajili ya amplifaya.

Saa 9:00

Umeme umerudi. Mama ametoa zulia lililokuwa limekunjwa chumbani, tukalitandika kati ya spika na kochi, na pazia zito likapanda dirishani. Nimepiga kofi tena. Ule mlio umekwisha.

Mwalimu ameketi. Nimemwekea kwaya, sauti ya wastani. Amesikiliza kidogo, akainuka, akaenda kuinama nyuma ya runinga.

"Mwalimu, vipi?"

"Huyu anayeongoza yuko hapa katikati. Umeunganisha na runinga?"

Runinga haikuwa hata kwenye umeme. Nimemwonyesha plagi iko chini. Sauti iliyo sawasawa kwenye spika zote mbili masikio huiweka katikati, mahali ambapo hapana spika. Akauliza nani aligundua. Nikamwambia Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliyeomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mambo haya Desemba 1931. Alifariki 1942 kwenye ajali ya ndege, wakijaribu rada. Mwalimu akaandika mwaka kwenye ile bahasha.

Kisha akamwita Mama. Mama alikuja na mwiko mkononi, akasema hana muda, akaketi ukingoni mwa kochi. Wimbo ulipoisha akasema, "Sauti ya pili nilikuwa siisikii kwenye kwaya hii." Hakuinuka mpaka wimbo wa tatu.

Nilipokuwa nafunga mkoba, akaleta kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, akakitandaza vizuri juu ya amplifaya. Juu ya yale matundu ya kutolea joto.

"Mama, naomba hicho kikae pengine. Inapumulia hapo juu."

"Vumbi je?"

"Vumbi utafuta kwa brashi, ikiwa imezimwa."

Amekiondoa bila kunitazama.

Saa 11:15

Mwanjelwa tena. Mwenye wufa ya inchi 8 amekuja, ameisikiliza, amelipa kwa simu, ameondoka nayo kwenye bodaboda ameikumbatia. Nimemlipa Dogo ya kwake ya siku na kidogo cha magoti. Kesho tuna Iyunga: bwana mmoja anataka spika nne darini na hajui kama jipsamu yake ina mbao za kushikilia. Nitapanda mwenyewe nione kabla ya kutoboa.

Saa 2:10 usiku

Mwalimu kwenye simu, nyuma yake kwaya inaimba.

"Fundi, amplifaya ina joto kidogo. Ni kawaida?"

"Kidogo ni kawaida. Juu yake kuna kitu?"

Kimya.

"Mwalimu?"

"Ngoja," akasema, akashusha sauti, "nisubiri alale."