Matundu mawili ya pini

Juzi binti yangu alinikuta natoa pini ya stepla kwenye karatasi zake za shule kwa kisu chembamba kisicho na makali, akauliza kwa nini siing'oi kwa kucha kama watu wengine. Nikamwambia ni mazoea ya kazi. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika na jibu langu, maana mazoea hayo yana siku yake na yana bahasha yake: bahasha ya kaki, nene, iliyoandikwa kwa kalamu "PICHA" na si zaidi.

Ni muhula ule wa ghala la chini, enzi za Mama msimamizi, mimi na yule mwanafunzi mwenzangu, wa historia, aliyebishana na kila lebo. Wanafunzi wengi huomba mafunzo kwa vitendo kwenye hifadhi ya nyaraka ya shirika la misaada wakitarajia kusoma siri za vita. Kinachowasubiri ni kutu, selotepu iliyogeuka kahawia, na fomu.

Siku ya kwanza ni ya kusaini tu. Tamko la kutunza siri, simu kwenye kabati la nje, kalamu za wino nazo hukohuko. Ndani ni penseli laini, HB au 2B, kwa kuwa penseli hufutika na wino haufutiki. Halafu unaletewa makatoni. Ofisi ya misaada mara nyingi hufungwa mbio: mkataba wa nyumba unaisha, gari la mwisho linaondoka asubuhi, na kilichomo kwenye droo kinamwagwa kwenye makatoni yaliyokuja na dawa. Ukifungua unakuta teleksi (ujumbe uliochapwa kwa mashine kupitia waya), nakala za kaboni kwenye karatasi nyepesi ambazo lazima uzigeuze kwa mikono miwili, na faksi za karatasi ya joto. Hizo faksi ndizo za kukimbilia. Maandishi yake hayakuwekwa kwa wino, ni kemikali iliyoguswa na joto, kwa hiyo yanafifia yenyewe hata gizani, na ukizitia kwenye mfuko wa plastiki laini kwa nia njema unayamaliza upesi zaidi. Unazinakili siku hiyohiyo kwenye karatasi ya kawaida, unaandika pembeni kwa penseli kwamba hii ni nakala, unaendelea. Mkanda wa filamu unaonuka siki nao unatolewa chumbani kwanza: asetati, plastiki iliyotengenezewa filamu hiyo, imeanza kuoza, mvuke wa asidi unaotoka unaharakisha uozo uleule, na filamu za jirani zinaambukizwa.

Hayo yote hujifunzwa upesi. Kilicho kigumu kwa kijana mwenye ari ni kuacha mikono itulie. Karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, na mpangilio waliouacha wenyewe hauguswi, hata ukionekana wa ovyo. Mama msimamizi alikuwa akilirudia hilo mpaka likawa kero, na mwenzangu alikuwa na hoja ya kila siku kwamba ovyo ni ovyo tu, hata ikiwa na umri.

Bahasha ya kaki ndiyo iliyomjibu.

Zamani, kabla yetu sote, kuna mtu alikuwa amesafisha majalada ya maombi ya kutafuta ndugu. Simlaumu kwa jina, na jina lenyewe halikuandikwa popote. Jalada kama hilo kwa kawaida lina vitu vitano: fomu ya anayetafuta, kadi ya jina la anayetafutwa, barua za ofisi kwa ofisi, jibu kama lilipatikana, na picha. Huyo bwana au bibi alitoa pini zote, akaweka fomu na fomu, barua na barua, na picha zote akazitia kwenye bahasha moja. Kazi safi, ya kupendeza macho. Fomu ikabaki na maneno "picha 1 imeambatishwa", na picha ikabaki sura isiyo na mwenyewe. Mbele yetu kulikuwa na fomu zaidi ya 300 na picha 60 na ushei.

Tulianza na zilizoandikwa jina nyuma, tukidhani ndizo rahisi. Majina ya fomu hizi huandikwa na karani anayeyasikia kwa mara ya kwanza, katika lugha asiyoijua, nje kuna foleni. R inakuwa L, Rukia wa nyuma ya picha ni Lukia kwenye fomu. Jina la baba linakaa mahali pa jina la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa watu wengi mno, kwa sababu walijua mwaka tu na fomu ikadai siku. Tatizo hilo si geni. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipoanzisha wakala wa kutafuta habari za wafungwa wa vita mjini Geneva mwaka 1914, ndani ya jumba la makumbusho la Rath, watu wa kujitolea, mwandishi Romain Rolland akiwemo, walijikuta wanaandika kadi za majina yaliyokuja kwa kila tahajia. Na kule Bad Arolsen, Ujerumani, zilikohifadhiwa nyaraka za walioteswa na Wanazi, kadi zipatazo milioni 50 za watu milioni 17.5 zilipangwa kwa kufuata jinsi jina linavyosikika, ili tahajia zote za jina moja zikae pamoja. Basi nasi tukasoma majina kwa sauti, mmoja akiwa na picha, mwingine na fomu. Theluthi moja hivi zikapata kwao. Zile zilizobaki, upande wa nyuma zilikuwa nyeupe, au zina muhuri wa studio ambao haukutufaa kitu, kwa kuwa watu wengi wa mahali pamoja hupiga picha studio moja.

Hapo ndipo Mama msimamizi alipozima taa za juu.

Alichukua taa ya mezani akailaza ubavuni, mwanga ukawa unapita juu ya karatasi badala ya kuishukia. "Acheni kutazama sura," alisema. "Tazameni kona."

Karatasi iliyolazwa chini ya mwanga wa pembeni huonyesha makovu yake yote. Juu kushoto mwa fomu kulikuwa na matundu mawili ya pini, kila moja limezungukwa na duara la kutu. Chini yake kulikuwa na pande moja lililo jeupe kuliko fomu yote. Hapo ndipo picha ilipokaa kwa miaka. Karatasi ya bei nafuu hugeuka manjano inapokutana na mwanga na hewa, na sehemu iliyofunikwa ilichelewa. Kwa rula ya plastiki inayoonesha chini yake, mama akapima matundu: milimita 12. Hiyo ni stepla ya kawaida ya ofisi. Stepla ndogo ya mkononi huacha matundu yaliyo karibu zaidi, milimita 9 hivi, na makarani wa ofisi ile walikuwa na zote mbili. Kwa kipimo hicho kimoja rundo la picha likagawanyika, na kutafuta kukapungua karibu nusu.

Picha aliyoiinua baada ya hapo ninaikumbuka kuliko zote. Mwanamke, kiuno kwenda juu, amekatwa kwa mkasi kutoka kwenye picha ya kundi. Aliyekata hakuwa na jinsi ya kuuondoa mkono wa jirani, kwa hiyo begani kwa yule mama kulikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine, na kimoja kina pete. Ukingo wa kulia haukunyooka. Mkasi ulianza vizuri, ukafika usawa wa sikio ukateleza kuelekea ndani. Juu kushoto, matundu mawili, milimita 12. Tundu la kulia lilikuwa na kutu nyingi kuliko la kushoto.

Mama msimamizi, glovu mkononi, akaishusha juu ya fomu bila kuibonyeza. Pande lile jeupe nalo halikuwa la mraba. Ukingo wake wa kulia ulikuwa umeteleza kuelekea ndani, palepale. Tundu likakaa juu ya tundu. Kutu nyingi juu ya kutu nyingi.

"Mama, hiyo ndiyo yenyewe," mwenzangu akasema, mkono tayari umeifuata penseli.

"Pima tena, mwanangu. Geuza na upande wa pili."

Nyuma ya fomu, alama ambazo miguu ya pini ilikunjiwa zilielekea ndani, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Tukapima. Tukarudia fomu mbili zilizofanana nayo, tukazikataa kwa sababu ya ule mteremko wa mkasi. Hapo ndipo namba ya jalada ilipoandikwa, tena haikuandikwa kwenye picha. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, na ukikazana unachora alama inayotokea upande wa sura. Unaandika kwenye kifuko cha karatasi kikiwa kitupu, kisha ndiyo unaingiza picha.

Jina la yule mama silitaji, wala la aliyekuwa anamtafuta. Majalada ya namna hii hayafunguliwi ovyo. Kamati ya Geneva, iliyowafungulia watafiti hifadhi yake mwaka 1996, tangu 2017 husubiri miaka 50 kwa nyaraka za kawaida na 70 kwa baadhi ya zile zinazogusa maisha ya mtu binafsi. Shirika letu lilikuwa na miaka yake, ila hesabu ni ileile: anayetafutwa anaweza kuwa hai, na anayemtafuta si lazima awe ndugu.

Pini yenyewe ingetolewaje, maana ndiko swali la binti yangu lilikoanzia? Kwanza unaandika kilichobanwa: viambatisho 3, picha 1 juu kushoto. Ukiruka hapo, ustadi wa mkono hauna maana. Kisha unageuza karatasi, unapenyeza kipande cha plastiki ngumu na nyembamba chini ya miguu ya pini ili kisu kisikwaruze karatasi, unainua mguu mmoja, halafu wa pili, wima kabisa. Unageuza tena na kuinua mgongo wa pini kidogokidogo, kulia na kushoto kwa zamu. Lile koleo la meno la ofisini halitumiki, linararua tundu. Kutu ikiwa imeshika nyuzi za karatasi, unaacha pini mahali pake na kuandika kwamba imeachwa. Karatasi yenye pini ni afadhali kuliko karatasi yenye shimo. Zilizotolewa pini zinawekwa pamoja ndani ya karatasi moja isiyo na asidi iliyokunjwa katikati, kila mkunjo jalada moja. Boksi la unene wa sentimita 12 hujazwa mpaka mkono upite kwa urahisi: likibana sana kingo zinachanika, likilegea karatasi zinajikunja na kubaki hivyo.

Picha nyingine ziliendelea kurudi kwa fomu zake, nyingine kwa kutu, nyingine kwa alama ya klipu tu. Zikabaki chache zenye fomu mbili zinazozistahili, bila mteremko wa mkasi wala mguu mfupi wa kuamua. Hapo mwenzangu na Mama msimamizi wakashikana kwa hoja. Mwenzangu alitaka kila kifuko kiandikwe namba zote mbili na neno "huenda". Mama akakataa katakata. Atakayenakili orodha kesho, alisema, ataiacha "huenda" na kubeba namba, na familia itaoneshwa sura isiyo yao. Kiwango cha kimataifa cha kuelezea nyaraka kina vipengele 26, na vya lazima ni 6: namba ya rejea, kichwa, aliyezitengeneza, tarehe, ukubwa na ngazi ya maelezo, yaani kama unaeleza mkusanyo mzima, jalada au karatasi moja. Shaka haimo kati ya hivyo sita; huingizwa karibu na mwisho, kwenye maelezo ya ziada, ambako kwa uzoefu wake hakuna anayefika. Vifuko vikaandikwa "fomu haijajulikana", vikawekwa pamoja, na ile bahasha ya kaki ikahifadhiwa navyo, kwa kuwa nayo ni ushahidi wa kilichofanyika.

Wakati ule niliona mama ana haki. Siku hizi programu za hifadhi zinaruhusu kuunganisha picha na majalada mawili na kuandika kiwango cha shaka kando, kwa hiyo hoja ya mwenzangu imepata nguvu ambayo haikuwa nayo kwenye penseli. Ila nimeshaona pia orodha hizo zikitolewa kwa ajili ya kuchapishwa, na safu ya shaka ndiyo ya kwanza kufutwa ili ukurasa utoshe. Mwenzangu anasema hilo ni kosa la mchapishaji, si la "huenda". Hatujamaliza.