Mshale wa barafu

Muhula ukianza, wanafunzi wangu wa uzamili katika usimamizi wa maliasili huwa nawapa karatasi kubwa na kuwaambia wanichoree pweza. Pweza katikati, kisha kila kinachomgusa, kwa mishale. Si wageni wa mambo haya. Wamo maofisa wa uvuvi na wa misitu. Wanachora haraka, tena vizuri: wachokoaji (wanaomtoa pweza mwambani kwa kijiti) wengi, pweza wachache, wageni wengi hotelini, pweza wachache. Nauliza, pweza akishapungua, kinafuata nini? Kimya. Mshitakiwa keshapatikana, kesi imefungwa.

Hapo huwapa kisa cha Jay Forrester, aliyeanzisha taaluma hii ya mienendo ya mifumo (system dynamics) katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1950. Mameneja wa General Electric, kampuni ya Marekani ya vifaa vya umeme, walidhani ajira kiwandani kwao inapanda na kushuka kwa sababu ya soko. Forrester akapiga hesabu kwa mkono, akawaonyesha kwamba taratibu zao wenyewe za kuajiri na kuagiza zatosha kuleta mawimbi yale. Wanaandika, wanatikisa vichwa, na mchoro haubadiliki.

Kwa hiyo tunapanda mashua Chokocho, Pemba, tunavuka hadi Kisiwa Panza. Pale wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, pweza wakue, kisha wakafungua maji ya bamvua. Safari iliyopita ofisa mmoja wa uvuvi alitandika mchoro wake ukumbini mbele ya kina mama wachokoaji. Bibi mmoja akautazama weee, kisha akauliza:

"Mwanangu, na barafu umeiweka wapi?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Siku ya kufungua, akasema, pweza hutoka wote kwa mpigo. Mchuuzi anajua huna pa kumweka, na jua linawaka, basi bei anapanga yeye. Ukipokea kidogo, kesho unarudi mwambani kutafuta kilichopungua, na safari hii hata mdogo humwachi. Ofisa akaomba kalamu. Mshale ukatoka kwenye barafu ukaenda kwenye bei, kutoka bei ukaenda kwa mchokoaji, ukamrudia pweza. Nilinyamaza tu, somo langu lilikuwa linafundishwa.

Jambo gumu zaidi ni kuchelewa kwa matokeo. Jioni ileile mwanafunzi akapendekeza samaki wote wafungiwe miezi mitatu, maana kwa pweza imefaa. Kwa pweza, sawa: hukua upesi, maisha yake yote ni kama mwaka tu, na jike hutaga mara moja akafa. Chewa je? Yule huhitaji miaka hadi azae. Ukimfungia miezi mitatu, siku ya kufungua watu watakuta walewale, na mwakani ukiwaambia habari ya kufunga watakucheka. Kamati za kijiji za kufunga mwamba huvunjika hivyo, mwamba ukiwa haujapata hata nafasi ya kujibu.

Kazi ya muhula huu ni mwani wa Paje, Unguja. Aina ya cottonii ina bei kuliko aina ya spinosum, lakini maji yakipata joto hufa. Kwenye kina kuna nafuu, ila wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea wala hawana vyombo. Waanzie wapendapo, kwa sharti kila mshale uonyeshwe unaporudia, na penye kuchelewa waandike ni muda gani. Ikusanywe Ijumaa, kabla ya sala.